"Dinner" Ni Saa Ngapi Huku?

Haya, watu wangu wa Kondele, Nyalenda na Dunga kule Kisumu, na nyinyi wa Nakuru mliojiunga juzi, karibuni. Niko jikoni hapa Sheffield, maji ya ugali yako motoni, kwa hivyo nikiwageuzia mgongo msinune.

Juzi jirani yangu, mzee mmoja mpole, alinialika "dinner" Jumapili. Mimi mtoto wa Kisumu najua dinner ni usiku. Nikaoga, nikapiga shati pasi, saa moja jioni huyo nabisha hodi. Mke wake akanifungulia na ndara miguuni. Walikula saa saba mchana! Sahani yangu ilikuwa kwa friji, imefunikwa. Aibu niliyoiona, wacheni tu.

Kumbe huku kaskazini mwa Uingereza wengi wakisema "dinner" wanamaanisha cha mchana. Hata akina mama wanaopakulia watoto shuleni wanaitwa "dinner ladies". Neno hili linafuata uzito wa mlo, halifuati saa. Zamani mlo mkubwa ulikuwa mchana, halafu miaka ya 1700 na 1800 matajiri wakausogeza, wakausogeza, hadi ukafika usiku. Lakini wafanyakazi wa viwandani huku wakabaki na mchana wao.

Na sikieni hii: neno lenyewe lilitoka Kifaransa cha kale, na mzizi wake wa Kilatini ni kuacha kufunga, yaani kufungua kinywa asubuhi. Yaani chai ya asubuhi imetembea mpaka usiku!

"Supper" nayo ni ndugu ya supu. Tuliolala bweni tunaijua: foleni, ugali, maharagwe na wadudu wake. Kwetu supper ni ya nyumbani, dinner ni ya hoteli, na ukialikwa jua kuna bahasha ya mchango. Kusini mwa Uingereza, supper kwa wengine ni chakula cha jioni kisicho na makuu. Kaskazini ni kitu kidogo kabla ya kulala, tuseme mkate na jibini. Scotland ndiyo balaa: ukiitisha "fish supper", hata kama ni mchana, unapewa samaki na chipsi. Samaki mwenyewe hana kichwa! Mtu wa Dunga atauliza nani amekula kichwa chake.

Sasa mzee ameniandikia tena: Jumapili, "dinner", saa moja. Saa moja ya kwao, jamani. Saa saba kamili niko mlangoni.

Ngojeni, maji yanachemka.