Alikwenda Polisi, Tena Si Mara Moja

Haya jamani, hamjambo huko. Mniwie radhi kwa mwanga huu, nimerekodia jikoni maana wenzangu wa chumbani wametoka zamu ya usiku, wamelala. Leo sina mapishi, sina maduka. Nimekuja kujibu swali moja tu. Tangu nilipomtaja mwezi uliopita Banaz Mahmod, yule binti wa London aliyeuawa na ndugu zake mwaka 2006, kila nikifungua simu nakutana nalo: "Dada, huko Uingereza si kuna polisi wa kweli? Sasa huyo binti kwa nini hakwenda polisi?"

Alikwenda. Mara 5.

Najua wapo watakaosema naisema vibaya nchi inayonilisha, na wapo watakaosema najifanya mwanasheria kwa kuwa naishi London. Mimi nabeba boksi kama wenzangu, tuelewane hapo. Na kabla watu hawajaanza mambo ya dini: familia ile ni Wakurdi wa Iraq, lakini siwasemi Wakurdi, siwasemi Waislamu. Haya mauaji yanayoitwa ya heshima yamefanywa na watu wa dini tofauti na nchi tofauti. Heshima ni ya wanaume wa ukoo, roho inayotoka ni ya binti. Basi.

Banaz alikuwa na miaka 20. Waliishi Mitcham, kusini mwa London, ambako tramu ya kwenda Croydon inapita, mimi mwenyewe nimeipanda nikienda kazini. Aliozeshwa akiwa na 17, kwa mwanaume aliyemzidi miaka kama 10, akawa anapigwa, akarudi kwao. Kisha akampenda kijana anaitwa Rahmat Sulemani. Wakaonekana wakibusiana nje ya stesheni ya Brixton. Kosa lake ndilo hilo, hakuna jingine. Desemba 2005 ami yake, Ari Mahmod, akaitisha kikao cha wanaume wa ukoo. Vikao vya ukoo tunavijua sisi. Kinachozungumzwa mle hakiandikwi popote, na aliyeitiwa kikao mara nyingi ndiye pekee ambaye hayumo.

Sasa msikilize alichofanya huyu binti, maana ndicho kinachonitoa usingizi. Aliandika barua. Akaorodhesha majina ya wanaume waliokuwa tayari kumuua, akaipeleka polisi. Hakusema "kuna watu wananitishia". Majina! Na wamo humo watu ambao baadaye walifungwa maisha kwa kumuua.

Mkesha wa mwaka mpya baba yake akampeleka nyumbani kwa bibi yake, mapazia yamefungwa, akamlazimisha anywe brandi. Mtoto hakuwahi kunywa pombe. Baba amevaa glavu. Banaz akaona hapa ndiyo mwisho, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akavunja dirisha la jirani kwa mikono yake akiomba msaada. Damu mikononi, miguu peku, baridi ya Desemba. Askari aliyekuja kumsikiliza akaona huyu ni msichana mlevi anaigiza, apate kutazamwa na mpenzi wake. Akafikiria kumfungulia kesi. Kesi ya nini? Ya dirisha.

Nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Rahmat alimkuta kitandani hospitali, akatoa simu, akamrekodi akieleza yote. Video ya simu za 2006, mnajua zilivyokuwa, picha inachezacheza. Lakini ilikuja kuoneshwa mahakamani, binti amekwisha kufa, anaeleza mwenyewe namna baba yake alivyotaka kumuua. Kwa hiyo mnaponiambia "dada acha kurekodi kila kitu", mnisamehe, siachi.

Tarehe 24 Januari 2006 akauawa nyumbani kwao. Familia ikawaambia polisi mtoto ametoka tu, ana uhuru wake, atarudi. Aliyepiga kelele kwamba amepotea ni Rahmat. Timu ya mpelelezi Caroline Goode ikazunguka miezi 3, na mwisho wa Aprili wakampata Birmingham, ndani ya sanduku la safari, amefukiwa uwani kwa mtu. Sanduku la safari. Sisi wa huku tunayajua masanduku kwa mengine: kilo 23, zawadi za nyumbani, mizani ya uwanja wa ndege.

Juni 2007, Old Bailey, ile mahakama kubwa ya jinai ya London, baba na ami wakatiwa hatiani. Kifungo cha maisha: baba asifikiriwe kutoka kabla ya miaka 20, ami kabla ya miaka 23. Mwingine, Mohamad Hama, alikuwa amekiri mwenyewe. Huyu alirekodiwa gerezani bila kujua, akijitapa kwa Kikurdi kwa jinsi walivyofanya, na wakalazimika kukaa watu kusikiliza neno kwa neno na kutafsiri. Mimi nilishawahi kuitwa kutafsiri Kiswahili kwa jambo dogo tu la mikataba ya nyumba, nikalala na kichwa kinauma. Sijui hao walilala vipi.

Shahidi aliyenivunja moyo ni Bekhal, dada yake Banaz. Alisimama mahakamani akatoa ushahidi dhidi ya baba yake mzazi. Mpaka leo anaishi kwa kujificha. Mtu akiniambia "haki ilitendeka", namuuliza: kwa Bekhal pia?

Mkadhani imeisha. Wawili wa waliomuua walikuwa wamekimbilia Iraq. Iraq haikuwahi kumtoa mtu kuja kushtakiwa hapa. Kina Goode wakang'ang'ana na makaratasi, serikali na serikali, mihuri na mihuri, mpaka wakaletwa wote wawili, na Novemba 2010 wakafungwa maisha. Mkihesabu, karibu miaka 5 tangu siku ya kifo. Na bado 2013 kuna mwingine alipewa miaka 8 kwa habari ya kuuficha mwili. Sisi tukiambiwa kesi imeahirishwa wiki 2 tunasema bora kumalizana kifamilia.

Rahmat hakufika mbali. Alijiua 2016. Huwa hatajwi sana kwenye hesabu ya waliokufa.

Sasa, malalamiko yangu. Niruhusuni.

Baada ya ile video yangu ya kumtaja Banaz, kuna dada mmoja wa kwetu aliniandikia kwa siri, yuko huku kwa visa ya kumfuata mume. Sitasema anatoka mkoa gani wala anaishi mtaa gani, msianze upelelezi. Mashemeji walikuwa wamemwambia maneno ambayo mtu haambiwi mara mbili. Nikamsindikiza kituoni. Nilikosa zamu ya saa 12, na wakati ule kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, pigeni wenyewe, kama pauni 146 kabla ya kodi. Sisemi nionekane mwema. Nasema kwa sababu mtu wa kundi letu la WhatsApp aliandika eti "kuna watu kazi yao kuvunja ndoa za watu ughaibuni", na siku ya pili mwenye nyumba ananidai kodi. Wifi yangu mpaka leo haniitikii salamu. Wifi, kama unatazama, shikamoo, na ile sufuria yangu narudishiwa lini?

Pale kaunta tulikaa saa 3. Nyumbani Tanzania ukipigwa unaambiwa ukachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ufungue jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Huku nako ni yale yale kwa Kiingereza. Askari alikuwa kijana mpole, akasema "tumekuelewa, nenda nyumbani upumzike." Dada akaanza kunyanyuka. Nikamshika mkono. Nikasema tunaomba namba ya kumbukumbu, na tunaomba yale majina ya mashemeji yaandikwe, tuoneshwe yameandikwaje. Aliandika jina la kwanza kakosea herufi. Tukamrekebisha. Herufi moja, jamani, ndiyo inayofanya atafutwe mtu mwingine.

Yule dada alikuwa anaogopa visa kuliko mashemeji. Akaniuliza, nikimwacha mume, si nafukuzwa nchi? Na ada ya makazi ya kudumu inapita pauni 3,000 kwa kichwa, nani ana hela hiyo akiwa anakimbia? Upo utaratibu wa mwenza aliyenyanyaswa kuomba ruhusa ya muda, miezi 3, imruhusu kupata msaada wa serikali wakati anashughulikia kubaki. Si kila visa inaingia humo. Mimi si mwanasheria, na aliyofanya yeye yalifaa kwake, kwako huenda yasifae kabisa. Tafuta mwanasheria anayetambulika, siyo shemeji wa rafiki wa mtu mwenye printa.

Kuna mtu atauliza kama kuna kilichobadilika. Kiasi. Payzee, mdogo wake Banaz, naye aliozeshwa angali mtoto, na ni mmoja wa waliopigania sheria mpaka tangu Februari 2023 England na Wales hakuna kuoa wala kuolewa chini ya miaka 18, hata wazazi wakiridhia. Nasi kwetu Tanzania Mahakama ya Rufani ilishasema 2019 kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18. Hiyo ni video nyingine, na najua mtanirushia mawe nayo.

Yule dada namba yake ya kesi ameikunja, ameiweka nyuma ya kava la simu. Juzi simu ilidondoka kwenye basi, kava likafunguka, akapiga magoti kutafuta kile kikaratasi kabla ya simu yenyewe. Kesi imesogezwa mbele tena. Mkiniuliza inaendeleaje sitawajibu, ni yake.

Haya, saa 2 usiku naingia kazini. Nikazime jiko.