M yangu walivyoiziba kwa tepu: mimi, Ohio State na watani wa kaskazini

Haya, mnanisikia? Subirini kwanza nipunguze hita, inavuma kama jenereta. Niko kwenye gari, nimepaki nje ya kazini, hapa hapa Columbus, Ohio. Zamu inaanza saa tano usiku, nina kama nusu saa, kwa hiyo leo hakuna kupika, hakuna kuwazungusha madukani. Leo tunaongea mpira, ule wa Kimarekani wa vyuo vikuu.

Na kaka yangu najua unaangalia. Ulinipigia juzi ukaniambia, "We Mwanaidi, mpira gani huo unashikwa kwa mikono?" Mimi sikuwepo walipoupa jina la mpira wa miguu, waulize wenyewe.

Nianze na kisa cha jina langu, ndiyo mtanielewa.

Nilifika Columbus Agosti 2021. Novemba hiyo nilikuwa na miezi mitatu kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Asubuhi moja naingia, naona kibao cha mlangoni kimebandikwa tepu nyekundu, msalaba umekatiza herufi moja. Menyu ya chakula cha mchana, tepu. Ratiba ya dawa ukutani, tepu. Nafika mapokezi, yule mama wa pale, mtu mzima kabisa mwenye wajukuu, ana roli ya tepu mkononi kama mshona nguo na uzi wake. Akaniangalia kifuani, akakata kipande kwa meno, akakibandika kwenye kitambulisho changu taratibu, akakisugua kwa kidole gumba kikashika. Nikainamisha kichwa kusoma. Wanaidi. M imekwenda.

Siwafichi, nilikasirika. Nikajisemea hawa hawakunipenda tangu siku ya kwanza, sasa wameanzia kwenye jina. Kumbe ilikuwa wiki ya mechi ya Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na Michigan, chuo cha jimbo jirani la kaskazini. Wiki hiyo herufi M haitakiwi kuonekana mjini. Pale chuoni kwenyewe, Ohio State, wanazunguka wanaziba M kwenye mabango ya majengo. Hata jina la Michigan mtu mzima hatamki. Wanasema "ile timu ya kule kaskazini", desturi waliyoirithi kwa kocha wao Woody Hayes, aliyewafundisha tangu 1951 hadi 1978. Bibi yangu alikuwa hataji nyoka usiku, anasema kamba. Basi ni hivyo hivyo.

Sasa Mswahili ukimnyima M amebaki na nini jamani? Mtu anabaki "tu". Mke anabaki "ke". Mume ndiyo kabisa, "ue". Nikimpigia mama yangu Magomeni hata shikamoo siwezi kuitoa, ina M katikati!

Kwa wale wageni wa mambo haya: huku timu za vyuo vikuu zina mashabiki kama klabu zetu za Kariakoo, na zaidi. Uwanja wa Ohio State, wa tangu 1922, unaingiza watu 102,780. Wa Michigan kule Ann Arbor unaingiza 107,601. Lupaso pale tunajaza 60,000 tunaona tumemaliza dunia. Wanaocheza ni wanafunzi, vijana wa miaka 19, 20. Timu zimegawanywa kwenye makundi wanayoyaita konferensi, na sisi na Michigan tumo kwenye moja, Big Ten, yaani Kumi Kubwa. Kumi Kubwa ina timu 18. Msiniulize. Mwaka 2024 waliongeza nne kutoka pwani ya Pasifiki, mpaka Los Angeles, na jina wakaliacha lilivyo.

Ndani ya hao kumi na nane, chuki zina ngazi. Illinois sina neno nao, tunagombea nao kobe wa mbao, ndiyo, kobe, na zamani alikuwa kobe hai. Purdue tunawaogopa bila sababu ya maana, wana tabia ya kuharibu sherehe za watu. 2018 walitupiga 49-20. Iowa ndio wamenishinda kabisa kuwachukia. Pembeni ya uwanja wao kuna hospitali ya watoto, ghorofa inatazama ndani ya uwanja. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageuka, wachezaji, mashabiki wa pande zote, waamuzi, wanawapungia mikono watoto waliosimama madirishani. Mimi kazi yangu ni wagonjwa. Niliona mara moja kwenye TV nikaenda kujifanya naosha vyombo.

Lakini Michigan! Hiyo ni Simba na Yanga. Watani wa jadi, wamekutana mara ya kwanza 1897. Na kabla ya mpira walishagombana kwa bunduki: 1835 Ohio na Michigan zilipeleka wanamgambo kugombea mji wa Toledo. Ohio ikapewa Toledo, Michigan ikafidiwa sehemu kubwa ya rasi ya kaskazini yenye shaba na chuma, kwa hiyo nani alishinda pale, mimi sitii neno, naishi Ohio.

Mimi kwetu nyumba moja, kaka Yanga, mimi Simba. Utani nimenyonyea. Kwa hiyo nilipoelezwa mambo ya tepu nikasema hapa nimefika nyumbani. Shida ikaja Jumamosi yenyewe. Ohio State walikuwa wamewafunga Michigan mara nane mfululizo, tangu 2012. Nane! Mwanaidi kafika, wamefungwa 42-27.

Yule mama wa mapokezi Jumatatu akanitazama kwa jicho fulani. Hakusema. 2022 tukafungwa tena, safari hii kwetu, 45-23. Hapo akasema. Nuksi huku hawana neno lake, lakini maana nilielewa vizuri tu. Tangu nije mimi, hakuna ushindi. Nimekuja na mguu mbaya. Kuna mzee mmoja tunayemtunza, wiki ya mechi ikifika alikuwa anaomba nisiingie na glasi yake ya maji, aletewe na mtu mwingine.

Na ile ya 2022 najilaumu mwenyewe, maana niliiomba. Sikilizeni hesabu ya shabiki. Mtani unamtakia nini? Ukimtakia afungwe kila wiki, akija kwako umemfunga mgonjwa, sifa iko wapi? Ukimtakia ashinde zote, anachukua ubingwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa naomba hivi: Michigan washinde mechi zao kumi na moja zote, wavimbe, waimbe, halafu ya kumi na mbili ndiyo yetu, wafe pale. Mwaka huo Mungu akanipa kumi na moja zote. Sisi kumi na moja, wao kumi na moja. Ya kumi na mbili nimeshawatajia matokeo.

2023, wacha. Novemba ile tarehe 5 Yanga walitufunga tano. Sitaki kusikia kicheko chako, kaka. Tarehe 25, Michigan 30, sisi 24. Mwezi mmoja, watani wawili, mabara mawili.

Sasa hapa naungama, na kazini hawajui, asiwatafsirie mtu. Januari 2024 Michigan wakafika fainali ya taifa, wanacheza na Washington. Niko zamu ya usiku, wazee wamelala, amebaki yule wa glasi ya maji kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya TV. Amefunikwa blanketi la zambarau. Nikauliza zambarau ya nini, akasema ni rangi ya Washington, ameomba blanketi hilo makusudi. Mimi nimekaa nyuma yake, kimoyomoyo nawaombea Michigan.

Ndiyo. Nimesema.

Kwa sababu walitufunga kwa pointi sita tu. Wakiwa mabingwa wa nchi, basi sisi tumefungwa na bingwa. Wakipigwa na Washington, tumefungwa na nani? Halafu kuna suala la mfuko: hela za televisheni za Big Ten, mkataba wa zaidi ya dola bilioni 7, zinaingia kwenye chungu kimoja. Mtani akitajirika, na wewe sahani yako inajaa. Hata kwetu ni hivyo. Tanzania ilipopewa nafasi nne Afrika, pointi nyingi zilitoka kwa Simba kufika robo fainali. Yanga walipanda ndege kwa jasho la Msimbazi, na bado kaka zangu hawa wanakwenda kumpokea Mwarabu uwanja wa ndege kwa ngoma akija kucheza na sisi.

Nami si msafi. Mei 2023 Yanga wakiwa fainali na USM Alger nilijifunza majina ya wachezaji wa Algeria.

Basi Michigan wakashinda 34-13. Nikamwambia yule mzee, si angalau ni wa kwetu, wa Big Ten? Akageuza kiti, akaniambia, "Mwizi wa mtaani kwenu akitajirika, wewe unafurahi?" Msimu ule kulikuwa na kashfa, Michigan walituhumiwa kurekodi kwa siri ishara za makocha wa timu pinzani, kocha wao akafungiwa na Big Ten mechi tatu za mwisho, ikiwemo yetu. Sikubishana naye. Kilichonichekesha ni kwamba miezi michache baadaye Washington nao wakaingia Big Ten. Blanketi la zambarau likawa la mpinzani, na sikuliona tena.

2024 ndiyo ilivunja hesabu yangu yote. Michigan walikuja kwetu hoi, wamefungwa mechi tano. Sisi wa pili nchini. Nikasema mwaka huu hata mguu wangu hauwezi kuharibu. 13-10, wao. Wakaja na bendera yao kuichomeka katikati ya uwanja wetu, ngumi zikapigwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Usiku ule Columbus ilikuwa kimya kama kuna msiba kila nyumba.

Halafu, sikilizeni maajabu, tukawa mabingwa wa nchi! Mwaka ule mtoano ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12, tukapenya. Tukampiga Tennessee, Oregon, Texas, na tarehe 20 Januari 2025 Notre Dame 34-23. Kombe hilo hapo. Nikaenda kazini naimba. Yule mama wa mapokezi akanikumbatia, akanong'ona, "Ningebadilishana nusu ya hili kwa ile ya Novemba." Mtu ana ubingwa wa Marekani nzima mkononi na bado mfupa umemkaa kooni.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita, mwisho wa Novemba 2025, mliniona napiga vigelegele. Ann Arbor, theluji inaanguka, 27-9. Mguu umetakata! Yule mzee Jumatatu akaniita mwenyewe nimletee maji, akanywa glasi nzima bila kupumzika, ananitazama.

Kuna kijana mmoja wa zamu yetu ni mtu wa Ann Arbor, tuna dau la boksi la donati kila mwaka. Miaka mitatu nimemlipa mimi. Safari hii akaja, akaliweka boksi mezani bila salamu, akaenda zake. Nafungua, za jana. Ngumu kama mandazi ya safari. Nilikula nne.

Wiki moja tu baadaye, fainali ya Big Ten kule Indianapolis, Indiana wakatufunga. Indiana! Tangu 1988 hawajawahi kutufunga. Kombe la konferensi mara ya mwisho walilichukua 1967. Dakika za mwisho tuna mpira wa kupiga kwa mguu upite kati ya nguzo, karibu kabisa, ukatoka pembeni. 13-10. Namba zile zile za mwaka jana.

Na nimelia kidogo, ila haikuuma mahali pale. Nililala vizuri. Asubuhi nikatafuta hasira sikuiona. Indiana sijui kuwachukia, sina historia nao, hakuna herufi ya kuziba, hakuna mtu wa kuniita nuksi. Mtu usiyemjua akikukanyaga kwenye daladala unasema pole, unashuka. Akikukanyaga wifi yako, hiyo ni kesi ya mwaka mzima.

Kaka naye alinitumia picha Mei 2025, Simba tuko fainali na Berkane ya Morocco, kavaa shati la rangi yao, chungwa. Shati lenyewe la kampuni ya simu, alipewa bure kwenye promosheni. Lakini lilikuwa chungwa, likatosha...

Subirini. Huyo hapo anavuka. Yule kijana wa Ann Arbor. Mnaona? Ngoja nifute kioo. Kofia nyekundu ile... amevaa kofia ya Indiana! Hana hata ndugu Indiana huyu! Na lebo ya bei hajaitoa, inaning'inia hapo sikioni. Ananipungia mkono.

Zimeni, zimeni. Nashuka.