Bibi harusi kagoma kuingia bandani

RAMA: Haya tumerudi, leo tulipanga mambo matatu ya kuku wageni, karantini yaani kuwatenga kwanza, ugomvi na kulala, ila da Zuhura naona umekuja na tochi.

ZUHURA: We acha tu. Wale mitetea wangu wapya wametoka karantini wiki hii, jioni ikifika wenyeji wanaingia bandani wenyewe, wageni wamesimama tu nje, na mmoja kapanda zake juu ya paa kalala huko.

RAMA: Bibi harusi hataki kuingia ndani!

ZUHURA: Haya, jina kashapata.

RAMA: Umewaachia uwanjani lakini?

ZUHURA: Aa, wapo ndani ya uzio tu na paa liko humo humo, hawatoki mpaka wiki iishe, kuku akishalala sehemu moja siku kadhaa ndo anajua kwao ni hapo.

RAMA: Sasa bibi harusi anatafuta urefu. Babu zao ni kuku pori wa Asia, wanalala mitini, kwahiyo giza likianza anapanda palipo juu kuliko pote. Fito zako za kulalia ziko juu kuliko viota? Maana kiota kikiwa juu atalala humo, asubuhi unaokota mayai yamejaa kinyesi.

ZUHURA: Ziko juu. Na nimeweka mbao bapa za sentimita 5, kila kuku ana sentimita 25 zake, hawabanani. Shida mle ndani kunawahi kuwa giza kuliko nje, na kuku gizani haoni, ataingiaje? Nimeweka taa ndogo, naiwasha magharibi, wakishapanda nazima. Wenzake wameanza kuingia, yeye bado.

RAMA: Anasubiri vigelegele.

ZUHURA: Rama!

RAMA: Au mahari haijaisha, da Zuhura, ongeza mahindi. Ila seriasi, utitiri, wale wadudu wadogo wa kuku, umeangalia? Banda likiwa nao kuku wanalikimbia.

ZUHURA: Si ndo kazi ya tochi. Ule mwekundu mchana unajificha kwenye nyufa, usiku unatoka kunyonya damu, ukikagua mchana utasema banda safi kumbe wapi. Nimepitisha kitambaa cheupe chini ya fito usiku, hakuna doa la damu. Kwahiyo leo giza likiingia bibi harusi nambeba mwenyewe, namweka kwenye ufito katikati ya wenyeji, na kesho hivyo hivyo mpaka azoee.

RAMA: Hapo hapana dada yangu. Usiku sawa, wametulia, hawaonani. Alfajiri je? Wanaamka mlango umefungwa, wakubwa wanamdonoa na hana pa kukimbilia. Yule mtafiti Mnorwei, Schjelderup-Ebbe, alishaeleza tangu 1921, kuku wanapangana nani amdonoe nani, mgeni akiingia mpango wote unavurugika. Weka wavu kwanza, waonane bila kugusana, hata wiki mbili.

ZUHURA: Alfajiri mimi niko macho kabla yao. Na wavu unaahirisha ugomvi tu, siku ukiutoa wanapigana vilevile.

RAMA: Hawapigani vilevile, wanakuwa wameshazoeana sura.

ZUHURA: Sura watazoeana wakilala ubavu kwa ubavu.

RAMA: Na akitobolewa kichwa? Kuku wakiona damu hawaachi.

ZUHURA: Ndo nakwambia nitakuwepo! Na wiki mbili za wavu analala wapi, si ataendelea kuzoea paa?

RAMA: Analala upande wake, na ufito wake.

ZUHURA: Banda la nani lina pande mbili?

RAMA: Wavu tu huo unagawa. Sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali.

RAMA: Naoneshwa hapa dakika moja imebaki, karantini hatujaigusa hata kidogo.

ZUHURA: Wiki ijayo basi.

RAMA: Ila vyombo vya chakula viwe viwili, vikae mbalimbali, mnyonge asinyimwe.

ZUHURA: Na maji pia. Haya mimi naondoka, magharibi hiyo inaingia nikambebe.

RAMA: Wavu, da Zuhura!

ZUHURA: Kwaherini wasikilizaji.