Shuka kwenye Basi, Gonga Muhuri

Ndugu wasikilizaji, najua wengi mmekuja mkitaka kusikia habari za nauli. Nauli mtaikuta kituoni, na mtapatana na kondakta wenyewe. Mimi nina jambo moja, nimelisema kwingi na nitalisema tena mpaka lishikwe: ukivuka mpaka kwa basi au kwa teksi ya kuchangia, kazi ya kuhakikisha pasipoti yako imegongwa muhuri ni yako. Si ya dereva, wala si ya aliyekukatia tiketi. Na mihuri ni miwili: wa kutoka huku na wa kuingia kule.

Chukueni mji wa Foz do Iguaçu, Brazili. Ng'ambo ya mto Paraná iko Ciudad del Este ya Paragwai, na katikati kuna Daraja la Urafiki, lililofunguliwa mwaka 1965. Mabasi ya mjini hulivuka daraja lile kutwa. Abiria wake wengi ni wenyeji, wafanyakazi na wachuuzi wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ambao hawana haja ya kupanga foleni dirishani. Basi haliwezi kuwasubirisha wote kwa ajili ya mgeni mmoja mwenye begi mgongoni, basi halisubiri. Linapita. Mgeni ameketi, anangoja mtu aje kumwomba pasipoti. Haji mtu. Mara yuko katikati ya maduka ya Ciudad del Este. Kwa kumbukumbu za serikali bado yuko Brazili, na Paragwai haijui kama amefika. Atalala hotelini, atapanda basi la Asunción, hakuna atakayemgusa. Siku anayotaka kutoka kwa mpaka mwingine, ofisa atafungua pasipoti, atageuza kurasa, atarudia kuzigeuza. Hapo ndipo ataanza kuelezwa habari za faini. Na kule Brazili siku zake za kukaa zinazidi kuhesabiwa ilhali mwenyewe hayupo.

Nakaa sana hapa kwa sababu katika kisa hiki hakuna aliyemdanganya mtu. Wasafiri huja mpakani wamejiandaa kwa matapeli: wameficha fedha sokisini, hawasemi na wapiga debe. Vizuri. Lakini dereva yule ni mwaminifu, amefanya kazi yake sawasawa, na mgeni bado ameharibikiwa. Kujihadhari na watu hakumsaidii asiyejua ofisi ya uhamiaji iko wapi.

Kwa hiyo mwambie dereva mapema kwamba unashuka uhamiaji. Shuka na mizigo yako yote. Gonga, kisha panda basi linalofuata, au vuka kwa miguu, halafu itafute ofisi ya upande wa pili. Kwenye daraja jingine la Foz, lile la kwenda Puerto Iguazú nchini Ajentina, yako mabasi yanayompa anayeshuka kikaratasi cha kupandia basi lijalo la kampuni ile ile. Kiombe kabla hujashuka. Basi likishaondoka hutakuwa na wa kumwomba.

Na msidhani kila mpaka una geti. Kati ya Leticia ya Kolombia na Tabatinga ya Brazili unavuka barabara tu. Wakolombia wanagonga muhuri kwenye uwanja wa ndege wa Leticia, Wabrazili kwenye kituo cha Polisi ya Shirikisho mjini Tabatinga. Usipozifuata ofisi hizo, zenyewe hazikufuati.

Kuna atakayeniambia mambo yamebadilika, kwamba siku hizi kuna vituo vya huduma za pamoja. Ni kweli. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kilianza mwaka 2009, na unatoka na kuingia katika jengo moja. Lakini madirisha bado ni mawili! Mwingine atasema Ulaya wanaacha muhuri. Kweli pia: tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani mwao, zimeanza kuandikisha alama za vidole na picha ya uso badala yake. Je, hilo limekupunguzia kazi? Kompyuta inahesabu siku zako 90 za kukaa ndani ya kila siku 180 bila kukosea, na kumbukumbu iliyokosekana ni vigumu zaidi kuieleza kuliko muhuri uliofifia.

Teksi za kuchangia, basi. Watu huziogopa bila sababu. Kati ya Tacna ya Peru na Arica ya Chile, dereva anachukua abiria watano, anawaandika kwenye orodha inayokwenda na gari, na pale mpakani anawangoja, kwa kuwa orodha na abiria lazima vilingane. Mimi nathubutu kusema teksi ile inamlinda mgeni kuliko basi la mjini. Ila matunda yaondoe begini kabla ya kuingia Chile, au yaandike kwenye fomu, hawana masihara.

Yaliyobaki nayapitia haraka, muda umekwisha. Basi la moja kwa moja: ukiwa wewe peke yako ndiye unayehitaji viza, wenzako watamaliza kabla yako, kwa hiyo shuka wa kwanza na ushike namba ya gari. Teksi huondoka ikijaa, na jioni haijai, kwa hiyo fika mpakani asubuhi. Fedha badilisha kidogo tu, na hesabu uipige mwenyewe kabla hujatoa noti mfukoni. Saa nazo: Peru iko nyuma ya Chile kwa saa moja au mbili, kutegemea msimu, na ofisi inafungwa kwa saa yake, si kwa yako. Na ukishagongewa, usiondoke dirishani kabla hujasoma tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Ofisa aliyekosea anaweza kusahihisha pale pale. Wa kituo kingine atakurudisha ulikotoka.

Haya, aliyenyoosha mkono kule nyuma aulize.