Barua ya msamaha wa Vietnam: kabla ya sahihi angalia tarehe

Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Leo nataka tuongelee barua. Barua ya mwanasiasa wa Marekani, imepigwa taipu, chini kuna sahihi, na inasema naunga mkono msamaha kwa vijana waliokwepa kupelekwa vita ya Vietnam. Sahihi yenyewe yawezekana iliwekwa na mashine maana ofisi za wanasiasa kule zilikuwa nazo, sasa ukiipata usihangaike na wino, angalia tarehe, ndiyo inayokuonyesha kama kusaini kulikuwa na hatari.

Kwa sababu mpaka 1973 jeshi lao lilikuwa linachukua vijana kwa lazima, na tarehe 1 Desemba 1969 wakachezesha droo, yaani siku za kuzaliwa zinatiwa kwenye vidonge vya plastiki halafu zinachotwa kimoja kimoja, ya kwanza ikatoka 14 Septemba, ukizaliwa siku hiyo wewe ndo wa mwanzo kuitwa. Aliyekuwa chuo alikuwa anaahirishiwa. Wengine wakavuka Kanada, wengine jela. Walioripotiwa kuvunja ile sheria ya kuitwa jeshini ni kama 210,000, waliotiwa hatiani hawakufika 9,000.

Mnayemjua ninyi nyote ni bondia Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967 Houston aliitwa apige hatua mbele aingie jeshini, akagoma kusogea. Miaka 5 jela, faini dola 10,000, mkanda ukaenda, na yeye wala hakutoroka, alikata rufaa mpaka Mahakama Kuu Kabisa ikamsafisha 1971, ndo maana 1974 mkamwona ulingoni Kinshasa. Yeye msamaha hakuuhitaji. Sisi tunaongelea wale wasiokuwa na jina wala mawakili.

Sasa mwanasiasa aliyesaini 1971 au 1972 alikuwa anacheza na kiti chake. Seneta Charles Goodell wa New York alitaka tu wanajeshi warudishwe nyumbani, chama chake mwenyewe kikamgeuka, 1970 akaanguka. McGovern, mgombea urais wa chama cha Democrat 1972, aligusia msamaha, wapinzani wakamfunga kwenye kifurushi kimoja na bangi na utoaji mimba, akapoteza majimbo 49 kati ya 50!

Na hata ukikuta tarehe ya mapema soma masharti. Robert Taft mdogo, seneta wa Ohio, mwishoni mwa 1971 alileta muswada wa msamaha lakini kijana atumikie serikali miaka 3 kwanza, ule msamaha jamani si unafanana na kifungo? Halafu Rais Ford. Hapa ndo huwa nakasirika, nisameheni. Tarehe 8 Septemba 1974 anamsamehe Nixon, rais aliyemtangulia aliyejiuzulu kwa kashfa ya Watergate, moja kwa moja, hakuna sharti lolote, siku 8 baadaye anatangaza mpango wa vijana, wao waape utii na wafanye kazi za kijamii mpaka miezi 24. Aliyewekwa kuongoza bodi ya kuwapitia? Goodell huyohuyo. Waliojitokeza wakawa wachache ukilinganisha na waliostahili, na mimi siwalaumu.

Jimmy Carter alisema wazi kwenye kampeni yake ya urais, Agosti 1976 akaenda Seattle kuwaambia wanajeshi wastaafu usoni kwao kwamba atawasamehe waliokwepa, wakamzomea. Tarehe 21 Januari 1977, kesho yake baada ya kuapishwa, akausaini huo msamaha. Seneta Goldwater akaita kitendo cha aibu kuliko vyote alivyowahi kufanya rais. Na wenye hasira walikuwa na hoja, tusiwabeze, kijana mmoja akikosekana aliitwa mwingine, na yule mwingine ana mama.



Ila sahihi ya Carter iliwaacha watoro, yaani walioshaingia jeshini wakakimbia. Na hao wengi walikuwa vijana wa familia za chini ambao chuo hawakukiona, ilipofika zamu yao wakaenda tu. Kwa hiyo barua yoyote mtakayoisoma tafuteni kama watoro wametajwa, nyingi zinapita kimya. Baadaye 1977 ukaja mpango wa kupitia upya vyeti vibaya vya kuachishwa jeshi, Bunge likaubana mwaka huohuo kwenye mafao.

Haya, naona mkono pale nyuma, uliza.