Ini Nalo Hutuma Ujumbe

Mabibi na mabwana, ukiwauliza watu homoni hutengenezwa wapi, watakutajia kongosho, thairoidi, ovari na korodani. Ini hawalitaji. Kwao ini ni ghala la sukari na chombo cha kuondoa sumu, basi. Ilhali mwaka 1855 Mfaransa Claude Bernard, alipoeleza jinsi ini linavyomwaga glukosi kwenye damu, alikuwa tayari akizungumzia utoaji wa ndani: kiungo kutia kitu moja kwa moja kwenye damu bila kupitia mfereji. Ini lilikuwamo tangu mwanzo, sisi ndio tuliolisahau.

Protini zenye tabia ya homoni zinazotoka kwenye ini huitwa hepatokini. Sitazitaja zote, ni nyingi mno, na ushahidi wa nyingine bado ni mwembamba. Nitakaa zaidi na moja, FGF21.

Ilitambuliwa Japani mwaka 2000. Mwaka 2005 watafiti waliwadunga panya wanene wenye kisukari. Sukari ikashuka, na mafuta ya damu nayo yakashuka. Hapo ndipo watu walipoanza kuitupia macho.

Sasa tazameni ini huitoa lini. Mnyama akikaa na njaa, mafuta yanayoingia kwenye ini huamsha kipokezi kiitwacho PPAR-alfa, na jeni ya FGF21 huanza kazi. Mtu angedhani hii ni homoni ya njaa. Lakini kwa binadamu njaa huipandisha polepole, baada ya siku kadhaa za kutokula. Mpe kinywaji chenye gramu 75 za fruktosi, itapanda ndani ya saa 2. Pombe huipandisha. Mlo wenye protini haba pia huipandisha. Inakuwaje njaa na sukari zizae jibu lilelile? Kwa maoni yangu, FGF21 haitangazi njaa wala shibe. Inatangaza kwamba ini limebebeshwa mzigo usio wa kawaida.

Ujumbe huo hausikiki kila mahali. Seli isiyo na protini ya beta-Klotho kwenye utando wake haiupokei, hata damu ijae FGF21 namna gani. Seli za mafuta zinayo, na baadhi ya seli za neva za ubongo pia. Ndiyo maana panya wasio na jeni ya FGF21 hunywa maji ya sukari kuliko wenzao, na wakiongezewa homoni yenyewe huyapunguza. Kumbe ini nalo lina kauli katika hamu yetu ya vitamu. (Naona wengine mmeshapata kisingizio.)

Kuna jambo linalotatiza. Watu wanene, na wenye mafuta kwenye ini, mara nyingi wana FGF21 nyingi, si kidogo. Anayesoma majibu ya maabara harakaharaka atasema ndiyo inayowanenepesha. Wapo wanaodai kwamba mwili umekuwa sugu kwake, kama unavyokuwa sugu kwa insulini. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa sababu dawa zinazoiga FGF21 hupunguza mafuta ya ini kwa watu haohao. Homoni ya asili huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, hivyo dawa hizo zimeundwa zidumu zaidi.

Fetuini-A, hepatokini nyingine, nitaigusa tu: hukizuia kipokezi cha insulini kisifanye kazi sawasawa, na ini lenye mafuta huitoa kwa wingi.

ANGPTL3 ndiyo iliyokwisha kutoka maabara ikafika kwa mgonjwa. Protini hii huzuia lipoproteini lipasi, kimeng'enya kinachovunja trigliseridi, aina ya mafuta, kwenye damu. Waliozaliwa na jeni yake ikiwa mbovu wana trigliseridi na kolesteroli ya chini. Wanasayansi waliliona hilo wakatengeneza kingamwili ya kuinasa, evinacumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Hupewa watu waliorithi kolesteroli ya juu kwa baba na kwa mama, ambao vipokezi vyao vya LDL, vinavyoondoa kolesteroli kwenye damu, ni vibovu au havipo kabisa. Dawa nyingi za kolesteroli hutegemea vipokezi hivyo, hii haivihitaji.