Keki za Safari
Mhadhara kwa vijana wanaosomea mapishi, Mtwara

Assalaam alaikum. Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie kwenda kusomea keki nje ya nchi, na najua mnachotaka kusikia kwanza: viza nilipataje, na ilikuwa shilingi ngapi. Nitafika huko. Ila niruhusuni nianzie kwenye chapati, maana nilipofika darasani Ufaransa, chapati ndiyo iliyonipa pa kusimama.

Wangapi humu wanajua kusukuma chapati? Karibu wote. Haya. Ukishalisukuma donge likawa duara, ukalipaka samli, ukalikunja kama mkeka, ukalizungusha kama konokono, kisha ukalisukuma tena, unatafuta nini? Dada pale nyuma anasema, "Ichambuke." Ndiyo hivyo. Unaweka mafuta kati ya unga na unga ili ikiiva kila karatasi isimame peke yake.

Kruasanti, ule mkate wa siagi wenye umbo la mwezi mchanga, ni ndugu wa chapati yako. Bamba la siagi linafungwa ndani ya donge lenye hamira, linasukumwa mpaka linakuwa refu, halafu linakunjwa sehemu tatu kama barua. Hapo una matabaka 3 ya siagi. Lipumzishe kwenye baridi, sukuma, kunja: 9. Pumzisha, sukuma, kunja: 27. Unaishia hapo. Ukizidisha, siagi inakuwa nyembamba mno, inajichanganya na unga, na unachotoa kwenye oveni ni mkate mtamu usiochambuka. Lipo donge jingine lisilo na hamira ambalo hukunjwa hivyohivyo mara sita, na hesabu yake hufika matabaka 729.

Siku ya kwanza kruasanti zangu zilitoka zimekaa kwenye dimbwi la mafuta. Mwalimu hakunigombeza. Alichomeka kipimajoto kwenye kipande cha siagi kilichobaki mezani kwangu, kikasoma nyuzi 22. Kisha akanishika kiganja, akasema mikono yako ni ya moto. Siagi ya kukunjia huwa nzuri ikiwa kwenye nyuzi 13 mpaka 16 hivi, laini kiasi cha kukunjika bila kupasuka, ngumu kiasi cha kutojichanganya na unga. Tangu siku ile nilikuwa nikiingia jikoni natumbukiza mikono kwenye maji ya barafu, nafuta, ndipo nagusa donge. Majira ya baridi vidole vilikuwa vinauma mpaka kwenye mfupa. Nilivumilia, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa amenieleza kwa nini kitu kimeharibika, badala ya kuniambia tu kimeharibika.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Mimi bibi yangu aliuza vitumbua Mikindani, na hakuwahi kupima kitu. Mchele aliloweka kwa macho, tui alilimimina kwa mkono, na alijua unga umeumuka kwa kuusikiliza. Kweli kabisa, alikuwa anainamisha sikio kwenye beseni, anasikia mapovu. Zamani zaidi, kabla ya hamira ya pakiti kuenea, mikate ya kumimina pwani hii iliumuliwa kwa tembo la mnazi. Elimu hiyo ni kubwa. Shida yake ni moja: ilikuwa ndani ya mkono wa bibi, na bibi alipofariki tukabaki na beseni.

Kule kila kitu kinawekwa kwenye mizani, hata maji. Hata yai! Kanuni zao za mapishi zinahesabu yai moja bila ganda kuwa gramu 50, ute 30 na kiini 20. Sasa wewe chukua kanuni ya Kifaransa inayosema mayai manne, uvunje mayai manne ya kuku wa kienyeji, halafu ushangae keki imekuwa kavu. Mayai mengi ya kienyeji hayafiki hapo. Unga nao una namba, T45, T55, T65. Nilidhani ni namba za kiwanda. Kumbe ni majivu: unga unachomwa kwenye tanuri mpaka uishe, kinachobaki kinapimwa. Majivu kidogo, unga mweupe zaidi. Nikaelewa kwamba "unga wa ngano" peke yake ni neno lisilotosha, kama mtu akuambie "samaki" bila kusema changu au kibua.

Nikahitimu. Nikarudi Mtwara mwezi wa Desemba, na daftari lenye kanuni zaidi ya mia moja.

Jiko langu lilikuwa na nyuzi 31. Kruasanti iliyokwisha kukunjwa inatakiwa iumuke mahali pasipozidi nyuzi 27 au 28, la sivyo siagi inavuja kabla hata hujawasha oveni. Nikajaribu makaroni, si zile tambi, ni vile vibiskuti viwili vya lozi vinavyobana krimu katikati. Kabla ya kuoka huachwa vikauke juu mpaka viote ngozi. Hapa vilikaa muda wa saa nne, havikuota ngozi. Hewa yetu imebeba bahari. Mnajua wenyewe, chumvi tunaitilia punje za mchele kwenye kopo isigandamane, na kashata ukiiacha wazi usiku, asubuhi inanata. Sukari inakunywa unyevu. Mwezi mzima nilitupa chakula, na nililia.

Kanuni haikuvuka bahari. Sababu ndizo zilizovuka. Kwa kuwa nilifundishwa kwa nini siagi inavuja, niliweza kujiuliza ni keki ipi haiogopi joto. Na jibu lilikuwa kwenye mtihani niliokwisha kuufanya.

Ufaransa kuna cheti cha ufundi cha serikali, CAP cha upishi wa keki. Katika mambo kinayopima kuna fungu linaloitwa kwa lugha yao keki za safari. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilitabasamu, maana hata sisi tuna visheti na mkate wa ufuta vya kubebea mtu anayepanda basi. Ni keki zisizo na krimu, zisizohitaji friji, ambazo unaweza kuzifunga kwenye karatasi ukasafiri nazo. Mojawapo inaitwa finansie, ndogo, yenye umbo la mche wa dhahabu. Ndani yake kuna ute wa yai, sukari, unga wa lozi, ngano kidogo, na siagi iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi.

Hiyo siagi ningependa niieleze polepole. Unaiweka kwenye sufuria ya rangi nyeupe ndani, ili uone. Inayeyuka, inaanza kupiga kelele. Hayo ni maji yanayotoka. Kelele ikipungua, povu linapanda, na chini yake chembe za maziwa zinaanza kugeuka kahawia. Harufu inabadilika ghafla, ukiwa hapa Mtwara utaijua palepale: ni harufu ya korosho zinazokaangwa. Toa kwenye moto hapohapo, chovya kitako cha sufuria kwenye maji baridi, kwa kuwa nusu dakika baadaye imeungua.

Ile harufu ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa naagiza unga wa lozi kutoka Dar es Salaam kwa bei ya kuumiza, na mimi naishi katikati ya mikorosho! Korosho nyingi ya nchi hii inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na sisi tunabaki na mabibo na hesabu za mnada. Nikachukua korosho zilizovunjika, zile za bei ya chini kwa sababu wanunuzi wanapenda nzima, maana kwenye kinu nzima na kipande havina tofauti. Nikazisaga kidogokidogo pamoja na sukari, kwani ukizisaga kwa pupa zinatoa mafuta na kuwa uji. Mara ya kwanza keki ikawa nzito. Nikarudi kwenye sababu: korosho ina mafuta machache kuliko lozi na wanga mwingi zaidi, kwa hiyo inakunywa zaidi. Nikapunguza ngano, nikaongeza ute kidogo. Mara ya tatu ilikubali.

Sasa kabla sijaenda kwenye viza, nitoke njiani kidogo. Siku tuliyofundishwa vanila, mwalimu alitaja jina la Edmond Albius. Alizaliwa mtumwa mwaka 1829 katika kisiwa kilichoitwa Bourbon, leo Réunion, humuhumu kwenye Bahari ya Hindi. Vanila ilikuwa imepelekwa kule kutoka Amerika, ikatoa maua lakini haizai, kwa sababu wadudu wa kuichavusha hawakuwapo. Mwaka 1841, akiwa na miaka 12, kijana huyo alionyesha namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo vanila ya Madagaska na visiwa vile inachavushwa kwa mkono namna hiyo. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Nilipokuwa nasikiliza nilifikiria Kilwa, katika mkoa wetu jirani wa Lindi, ambako mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vyao. Kazi ya visiwa vile ilikuwa pamoja na miwa. Sukari na vanila! Wenzangu waliandika nyuzi joto za krimu, mimi kalamu ilisimama. Na hata kruasanti, Wafaransa wenyewe wanakiri asili yake ni Vienna. Ililetwa Paris na Mwaustria, August Zang, aliyefungua duka mwishoni mwa miaka ya 1830. Basi mkienda, msiingie kwenye darasa lile kama wageni mlioalikwa kwa huruma. Watu wa bahari hii walikwisha kulipia kiti.

Viza. Ombi langu la mwanafunzi lilipitia mfumo wa Campus France, shirika la Ufaransa linaloshughulikia wanafunzi wa nje, kisha ubalozi. Nilitakiwa kuonyesha kwamba nitakuwa na euro 615 kwa kila mwezi wa masomo, mbali na ada. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, na msijidanganye kwamba saa hizo zitalipa ada ya shule binafsi ya Paris. Zitalipa chakula na chumba kidogo. Shule za binafsi, baadhi zinafundisha kwa Kiingereza, ni ghali mno, kozi ni za miezi michache na vyeti vyake si vyote vinavyotambuliwa na serikali. Njia ya CAP ni nafuu zaidi lakini ni kwa Kifaransa, na Kifaransa cha jikoni kinapigwa kelele, hakisomwi kitabuni. Nilianza kujifunza nikiwa Dar es Salaam, kwenye kituo cha lugha cha Alliance Française, mwaka mmoja kabla, na bado miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa naelewa nusu.

Jihadharini na mawakala. Mmoja alichukua pesa ambazo baba alizipata kwenye mnada wa korosho za msimu mzima, akaniahidi shule na mahali pa mafunzo kazini. Shule ilikuwepo, mahali pa mafunzo hapakuwepo. Nilizunguka maduka 19 na barua mkononi mpaka moja likanipokea. Andikieni shule wenyewe, moja kwa moja, na muulize mambo mawili kabla ya ada: mwanafunzi anashika donge kwa mikono yake siku ngapi kwa wiki, na nani anawajibika kumtafutia mahali pa mafunzo. Wakijibu kwa maneno mazuri yasiyo na namba, endeleeni kutafuta.

Kwa Waislamu wenzangu: gelatini ya kule, ile ya kugandishia krimu na jeli, mara nyingi ni ya nguruwe, na keki kadhaa zinalowekwa kwenye pombe. Semeni siku ya kwanza, si siku ya mtihani. Mimi nilitumia agari, inayotokana na mwani. Mwani tunaolima kwenye pwani zetu ni wa aina nyingine, unatoa karajini, nayo inagandisha maziwa vizuri sana. Kuna mtu humu atakuja kufanya kitu kikubwa na mwani ule, na ningependa awe amejifunzia hapahapa.

Siku hizi naamka saa tisa usiku, jiko likiwa limepoa. Kruasanti nazikunja saa hiyo, chache, za oda tu. Finansie za korosho zinatoka saa kumi na moja, zinapoa, zinafungwa kumi kumi, na alfajiri konda wa basi la Dar es Salaam anapokea boksi zake stendi. Zinafika jioni, zimepita Lindi, Nangurukuru na Kibiti bila barafu.

Maswali nitayapokea tukiwa tunafanya kazi. Nimekuja na kilo mbili za korosho zilizovunjika, na mizani ni hii hapa. Nawe dada uliyesema "ichambuke," njoo mbele, uanze kupima ute.